Maabara Nayo Ni Lindo



Katika mazungumzo yetu baada ya taarifa ya habari twapenda kusema juu ya jambo ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza aweza kulidhani kuwa liko mbali sana na bunduki, zamu na doria. Jambo lenyewe ni elimu ya juu ya biolojia ya tiba, yaani ile elimu inayomfundisha mtu kuchunguza damu, choo, makohozi na maji, apate kujua ni kitu gani hasa kinachomwua mwanadamu, na kwa njia gani. Twasema habari za kijana aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, ambaye badala ya kukimbilia mshahara aamua kukaa darasani na maabarani miaka miwili zaidi ili apate shahada ya uzamili, au masta kama wengi wetu tuiitavyo. Wako wanaomcheka kijana huyo. Husema, "Huyu naye atasoma mpaka lini?" Jibu letu ni kwamba kijana huyo anajiandaa kushika lindo, na lindo hilo likikosa mtu, askari na polisi ni miongoni mwa watu wa kwanza kuumia.

Tuanze na Rumonge. Wengi wenu mmepata kufanya kazi huko, au mmepita mkielekea Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Mwaujua mji huo kwa mawese yake, kwa ndagala na mukeke wake, na kwa Kiswahili kisemwacho sokoni na mwaloni. Mwajua pia kwamba kwa watu wa pwani ile Ziwa Tanganyika ni kila kitu. Ni shamba la mvuvi, ni barabara ya mashua ziendazo Kongo na Kigoma, ni mahali pa kuoga na kufua, na kwa watu wengi ndicho kisima chao.

Ugonjwa wa kipindupindu uliingia Burundi mwaka 1978. Ulizishika hasa sehemu zinazopakana na ziwa na mto Rusizi. Lakini kwa muda wa miaka 14 njia hasa ambayo ugonjwa huo uliwafikia watu wetu ilikuwa haijathibitishwa. Je, ulikuja na samaki? Ulikuja na chakula cha sokoni? Uliambukizwa kwa kumshika mgonjwa? Kila mtu alikuwa na dhana yake. Nanyi polisi mwajua kuliko sisi tofauti iliyopo kati ya dhana na ushahidi.

Ugonjwa ulipozuka mjini Rumonge kati ya tarehe 9 Aprili na tarehe 31 Mei 1992, wataalamu wa Burundi, wakishirikiana na wenzao kutoka Marekani, walifanya upelelezi wa kitaalamu. Waliwachukua wagonjwa 56, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wanaolingana naye ambao hawakuugua, jumla watu 112. Wote wakaulizwa maswali yale yale: ulikunywa maji gani, ulikula nini, ulioga wapi? Siri ya upelelezi wa namna hii imo katika wale 112. Mpelelezi akiwahoji wagonjwa peke yao ataambiwa kwamba wote walikula ugali, naye akidhani kuwa ugali ndio mkosaji atapotea, maana hata wasiougua walikula ugali. Ni tofauti kati ya makundi mawili inayotoa ushahidi.

Na ushahidi uliotolewa ulikuwa wazi. Kunywa maji ya ziwa kulimtia mtu hatarini. Kuoga ziwani nako, hata peke yake, kulimtia mtu hatarini. Mambo mengine yote ya chakula na maji, yalipokwisha kupimwa pamoja na hayo mawili, hayakuonekana kuwa na hatia. Watu waliokaa katika barabara iliyo karibu kabisa na ziwa ndio walioshikwa zaidi. Kisha maabara ikatia muhuri: kijidudu cha kipindupindu kilipatikana katika maji ya ziwa wakati ugonjwa ulipokuwa ukiendelea, na ulipokwisha hakikupatikana tena. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Lancet la Uingereza, ambalo husomwa na waganga wa dunia nzima.

Njia hiyo ya kuchunguza barabara kwa barabara si ngeni. Mwaka 1854 katika jiji la London daktari John Snow aliandika mahali walipokaa watu waliokufa kwa kipindupindu, akaona wengi wao walikuwa wakiteka maji katika pampu moja ya mtaa wa Broad Street. Snow hakuweza kukionyesha kijidudu chenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na Robert Koch wa Ujerumani katika safari zake za Misri na India mwaka 1883 na 1884. Basi elimu tunayoisema ina mikono miwili. Mkono mmoja ni wa kuuliza na kuhesabu kama Snow. Mkono wa pili ni wa kukikamata kijidudu chenyewe kama Koch. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hufundishwa mikono yote miwili, na Rumonge mwaka 1992 mikono yote miwili ilihitajika.

Huenda polisi mmoja akauliza, "Hayo yanihusu nini mimi niliye kwenye zamu?" Yanamhusu sana. Kipindupindu kikizuka, yeye ndiye anayeweza kutumwa kusimama pwani na kuwazuia watu wasiteke maji wala kuoga. Atakutana na mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, naye mama atamwuliza, "Afande, ziwa hili baba zetu wamelinywa, leo limekuwaje?" Polisi asiyejua sababu atajibu kwa ukali, na amri isiyoeleweka huvunjwa mara tu mlinzi anapogeuza kisogo. Polisi anayejua atamweleza kwamba hatari imo katika kuyanywa maji na hata katika kuyaoga, kwamba jambo hilo lilithibitishwa papo hapo Rumonge, na kwamba si hadithi iliyoletwa kutoka mbali. Atajua vilevile kuwaambia wakuu wake kwamba mtu aliyekatazwa maji ya ziwa hapana budi apewe maji mengine yaliyo salama, maana kiu haitii amri.

Ndugu askari, sasa tuondoke Rumonge kwa kitambo kidogo, twende mahali ambapo wenzenu walipotea bila ya kupigwa risasi. Mwezi wa Desemba 2007 askari wa Burundi walianza kuwasili Mogadishu, Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika, wakaungana na ndugu zao wa Uganda. Mwaka 2009 ugonjwa wa ajabu uliwashika askari wa kikosi hicho. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, vijana wenye afya wakalegea. Askari 241 walihesabiwa kuwa na dalili hizo. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege kwenda katika hospitali za Kenya na Uganda, na wanne walifariki dunia. Vipimo vya kwanza havikuonyesha sumu, wala kijidudu cho chote. Fikirini hofu iliyoenea katika mahandaki: adui yu ndani ya mwili, na hakuna anayejua jina lake.

Wachunguzi wakafanya kama ilivyofanywa Rumonge. Waliwauliza waliougua na wasiougua maswali yale yale. Ikaonekana kwamba walioshikwa zaidi ni wale waliokula chakula cha kikosi peke yake, bila ya kupata chakula kingine kilichonunuliwa mahali pale, na wale waliokuwa katika sehemu za mapigano ya kila siku. Dalili zao zililingana na beriberi, maradhi yanayotokana na upungufu wa vitamini B1, ambayo pia huitwa thiamini. Wagonjwa wakapewa thiamini, nao wakapata nafuu kwa haraka ya kushangaza. Askari wazima nao wakagawiwa vitamini hiyo; wagonjwa wakapungua, na hakuna vifo vingine vilivyoripotiwa.

Katika habari hiyo liko jambo moja dogo ambalo twaomba mlitie maanani. Uthibitisho wa kimaabara ulipatikana katika damu ya askari 16, na damu hiyo ilikuwa imechukuliwa kabla hawajapewa dawa. Lau ingalichukuliwa baada ya dawa, alama za upungufu zingalifutika, na ushahidi ungalipotea. Mtu wa kujua jambo hilo, akasema "ngojeni, kwanza damu, kisha dawa," ni mtu aliyefundishwa. Kuchelewa kwa dakika chache ili kuchukua damu ndiko kulikoliwezesha jeshi zima kujua lilikuwa likipambana na nini.

Maradhi hayo ya beriberi yana historia ndefu na majeshi. Mganga wa kijeshi wa Uholanzi, Christiaan Eijkman, aliyachunguza katika kisiwa cha Java mwishoni mwa karne ya 19. Aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa ukawa mweupe kabisa wakilegea miguu, na wakipona walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani. Kwa kazi iliyoanzia kwenye kuku hao alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Basi asiwepo askari wa kudhani kwamba maabara ni mambo ya raia waliovaa makoti meupe. Baadhi ya elimu hiyo ilizaliwa hasa katika hospitali za kijeshi.

Sasa tuulize: kijana huyo wa uzamili hujifunza nini katika miaka yake miwili? Sheria ya Desemba 2011 iliyopanga upya elimu ya juu nchini Burundi ilifuata mpango wa ngazi tatu: shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu. Katika ngazi hiyo ya pili mwanafunzi wa biolojia ya tiba husoma habari za vijidudu na vimelea, habari za kinga ya mwili, kemia ya viumbe, na hesabu za takwimu. Hujifunza kupanda kijidudu katika kisahani chenye chakula chake, akakitazama kikimea, na kukijaribu kwa dawa mbalimbali ajue ni ipi ingali na nguvu. Hujifunza kipimo cha PCR, ambacho huchukua kipande kidogo mno cha chembe ya urithi, kisichoweza kuonekana kwa namna yo yote, na kukizidisha mara mamilioni mpaka kionekane. Chembe hizo hizo za urithi, tangu kazi ya Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984, huwasaidia polisi kumtambua mhalifu kwa tone la damu, na kumwokoa asiye na hatia. Hatimaye mwanafunzi huandika tasnifu. Katika tasnifu haruhusiwi kurudia ya wengine tu. Hana budi kuuliza swali ambalo halijajibiwa na kulitafutia jibu kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo fundi wa vipimo anapotofautiana na mchunguzi: fundi hupima alichoambiwa apime, na mchunguzi hujua la kupima wakati hakuna wa kumwambia.

Na maswali katika pwani yetu si machache. Chukueni kichocho cha tumbo. Kimelea chake hukaa kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kuvua au kuvuta mashua. Askari anayelinda pwani naye huingia majini. Katika miaka ya 1980 daktari kijana kutoka Ubelgiji, Bruno Gryseels, alifanya kazi nchini Burundi akiuchunguza ugonjwa huo katika bonde la Rusizi na pwani ya ziwa. Baadaye alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp, ambayo ni mojawapo ya taasisi mashuhuri duniani. Twamshukuru kwa kazi yake. Lakini twajiuliza: ikiwa konokono wa ziwa letu waliweza kumfundisha mgeni mambo makubwa kiasi hicho, kwa nini wasimfundishe mtoto wa Rumonge, wa Minago au wa Nyanza-Lac, aliyezaliwa akiwaona?

Wala tusidhani kwamba hatuwezi. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilipotangaza kuwa ugonjwa wa mpox umeingia nchini, wagonjwa watatu wa kwanza walikuwa wamethibitishwa na maabara ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii, hapa hapa Bujumbura, kwa kipimo kile cha PCR. Kila siku ambayo jibu linachelewa, mgonjwa hupanda gari, huingia sokoni, hulala katika bweni la kambi. Kulipata jibu nyumbani ni kuziokoa siku hizo. Na mashine haikujiendesha yenyewe. Iliendeshwa na watu waliosoma.

Hata hivyo haitakuwa haki kuwasifu wasomi na kunyamazia matatizo yao. Shahada bila ya maabara ni bunduki bila ya risasi. Umeme ukikatika, sampuli zilizohifadhiwa katika baridi huharibika, na kazi ya miezi hupotea kwa usiku mmoja. Dawa za vipimo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kijana akimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Burundi, au akirudi kutoka Makerere, Muhimbili, au Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, akakuta hana meza ya kufanyia kazi, ataondoka, nasi hatutakuwa na haki ya kumwita msaliti. Mlinzi hawezi kulaumiwa kwa kuliacha lindo ambalo halikujengwa. Kwa hiyo kumsomesha kijana ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kumwekea mahali pa kuutumia ujuzi wake, karibu na ugonjwa ulipo, si katika mji mkuu peke yake. Mji kama Rumonge, wenye bandari na mashua zitokazo ng'ambo kila siku, wastahili kuwa na mtu anayeweza kuyapima maji ya ziwa kabla ya mtu wa kwanza kuugua.

Jirani zetu nao wanalitazama ziwa hilo hilo. Kijidudu hakiulizi pasi ya kusafiria kati ya Uvira, Rumonge na Kigoma. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Tume ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya hiyo ina makao yake Bujumbura. Vijana wetu wanao mlango wa kusoma pamoja na wenzao wa Tanzania, Uganda, Kenya, Rwanda na Kongo, na kuulizana maswali kwa lugha hii tunayoisema sasa.

Ndugu askari na polisi, twawaomba mambo matatu. La kwanza lawahusu ninyi mlio wazazi. Mwanao, awe wa kiume au wa kike, akionyesha kupenda biolojia na kemia, msimvunje moyo kwa kusema kwamba masomo hayo hayana mwisho. Muulizeni ana swali gani analotaka kulijibu. Akiwa nalo, mpeni nafasi.

La pili lawahusu wakuu wa idara za tiba katika vikosi. Miongoni mwa vijana wenu waliovaa sare wako wenye shahada ya kwanza ya sayansi. Wachagueni wachache, wapelekeni wakasome uzamili, na muwawekee ahadi ya kurudi na mahali pa kurudia. Kikosi kiendacho mbali na nyumbani kikiwa na mtu mmoja wa namna hiyo kina macho ya ziada.

La tatu lamhusu kila askari na kila polisi. Mtaalamu akija pwani na chupa zake kuchukua maji, mwacheni afanye kazi, mkamsaidie kama mnavyomsaidia mwenzenu wa zamu. Na ninyi wenyewe mkijisikia vibaya msijifiche kwa kuona haya. Semeni mapema, toeni damu ipimwe. Wale askari 16 wa Mogadishu hawakupiga risasi hata moja walipokuwa wakinyoosha mikono yao kutolewa damu. Lakini kwa damu ile kikosi kizima kilijua jina la adui wake.

Mpaka hapa twayakomesha mazungumzo yetu. Kwenu mnaoingia zamu sasa hivi, twawatakia zamu njema.